Mvua ya Nyamira Haijui Pinterest

Wacha niseme mapema ndio tusizungushane: ile nyumba ya paa la kujificha ambayo kila mtu anataka siku hizi haikutengenezwa kwa ajili ya Kisii. Wala Nyamira. Unaijua. Ni ile ya boksi, ukuta umepanda juu ukazunguka mabati yote, ukiiangalia ukiwa barabarani unadhani haina paa. Kwa picha inakaa poa sana. Kwa picha hakunyeshi.

Huku kwetu kunanyesha. Hii milima yetu hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Tupige hesabu pamoja, si ngumu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 100 linapokea lita 150,000 kwa mwaka. Mvua moja kubwa ya alasiri, tuseme ya milimita 40, ni lita 4,000. Hizo ni tangi nne za lita 1,000 zimemwagwa juu ya kichwa chako kabla chai ya saa kumi haijapoa.

Paa la kawaida, lenye mwinuko na mabati yaliyotokeza nje ya ukuta, linayatupa haya maji mbali. Paa la kujificha linayakusanya kwenye mfereji mwembamba nyuma ya ukuta, halafu linaomba Mungu bomba lisizibe. Majani ya mkaratusi yakishaingia hapo, maji yanarudi chini ya mabati, yanashuka kwa dari, na jipsamu yako ya bei inaanza kuchora ramani za rangi ya kahawia. Kuta za nje nazo hazina kitu cha kuzikinga, zinalowa msimu mzima. Ukisogeza kabati unapata ukungu.

Najua kuna mtu atasema linaweza kujengwa vizuri. Ni kweli. Unahitaji mfereji mpana, njia ya ziada ya kutoa maji, kizuia maji cha maana, na mtu wa kupanda huko juu kusafisha kila mara. Yote hayo ni pesa, na hiyo pesa haikuonyeshwa kwa ile picha.

Sasa nyumba ikishavuja, ikishakuwa giza, ndio wanakumbuka kuna kijana fulani amesomea dizaini. "Kuja uturekebishie sebule." Anafika anapata madirisha yamekaa mahali pabaya, jikoni imeangaliana na choo, ngazi imekula nusu ya chumba. Halafu anaambiwa aweke taa za LED na karatasi ya ukuta yenye sura ya marumaru. Hiyo kazi si dizaini. Ni kupaka meikapu mtu ambaye alihitaji daktari.

Hoja yangu ndio hii: nje na ndani ya nyumba ni kazi moja. Anayechora paa anaamua kama dari yako itaoza. Anayeweka dirisha anaamua kama utawasha taa saa sita mchana. Kisii iko karibu kabisa na ikweta, chini ya digrii moja kusini. Jua linachomoza mashariki, linapita karibu juu ya kichwa, linazama magharibi. Dirisha la kaskazini au kusini likipata kivuli kidogo cha paa linakupa mwanga mtulivu siku nzima. Kioo kikubwa kinachoangalia magharibi kinakuchoma jioni, kisha unanunua pazia nzito kukifunika. Umelipia kioo, ukalipia na kitu cha kukificha.

Na nafasi hatuna. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kaunti ya Kisii, kwenye eneo la takriban kilomita za mraba 1,300. Hiyo inakaribia watu 1,000 kwa kila kilomita moja ya mraba. Ardhi imegawanywa na kugawanywa tena, babu hadi baba hadi mtoto. Ndio maana kila futi ina maana, na ndio maana inauma kuona ploti inajengwa ukuta hadi ukuta, vyumba vya katikati vikifungua dirisha kwa korido. Mpangaji wa hiyo bedsita atalipa stima mchana kwa sababu ya uamuzi wa landilodi. Nguo zake hazikauki. Mtoto akikohoa, dawa ni yake kununua. Landilodi akiulizwa anasema keja ina taili.

Hata mlima tunaupoteza. Ukitoka Kisii kuelekea Keroka, au ukiangalia Manga, hakuna sehemu tambarare ya kuongea habari yake. Lakini ramani iliyotolewa mtandaoni ilichorwa kwa ploti tambarare, kwa hivyo tunakata mlima, tunasimamisha nyumba kwa shimo, halafu maji ya mteremko yanakuja kugonga ukuta wa nyuma. Mteremko ukichorwa na mtu anayeuelewa unakupa ghorofa ya chini yenye mlango wake, stoo, au chumba cha kupangisha. Unakupa na upepo na mandhari. Bure.

Tuje Tabaka. Kule South Mugirango kuna mawe laini ambayo dunia inayaita mawe ya Kisii. Tumeyachonga viboko na sahani za sabuni kwa watalii miaka nenda rudi. Elkanah Ong'esa, mchongaji wa huko huko, kazi yake iko makao makuu ya UNESCO, Paris. Aina hiyo hiyo ya jiwe, lakini la Brazil, ndiyo inafunika sanamu ya Kristo ya Rio de Janeiro tangu 1931: ndani ni zege, nje ni vipande vidogo vidogo vya jiwe laini. Kule Finland wanatengenezea majiko ya kupasha nyumba joto kwa sababu linashika moto muda mrefu. Sisi tuko na baridi ya asubuhi ya Nyansiongo, tuko na jiwe, halafu tunaweka ukutani plastiki yenye picha ya jiwe. Sijasema ulitie kila mahali. Ni laini, kwa sakafu ya kupitwa na viatu siku nzima litakwaruzika. Lakini sinki? Ukuta wa sebule? Mahali pa moto? Hilo ni swali la dizaini, na huyo anayechonga Tabaka anahitaji oda.

Watu wananijibu, "Dizaina ni wa matajiri." Manze, angalia nani anapoteza. Si tajiri. Ni mwalimu aliyechukua mkopo wa sacco. Ni mama aliyeko Minnesota anafanya shifti mbili, anatuma pesa nyumbani, anaangalia mjengo kwa picha za WhatsApp. Hawa wanajenga mara moja maishani. Tajiri akikosea anabomoa. Wao wakikosea wanaishi ndani ya kosa hadi uzeeni. Kama kuna mtu hawezi kumudu kujenga bila kufikiria kwanza, ni huyo.

Na tafadhali muache hii tabia ya "nitumie sampo kwanza." Fundi hakuwekei mistari mitatu ya matofali bure ndio uamue kama unampenda. Kijana anakesha wiki nzima na laptopu, anakutumia mchoro, unachukua skrinshoti unampelekea fundi, unazima simu. Fundi wetu ni hodari, sitamtukana. Lakini umempa picha isiyo na vipimo vya nondo, ukamwambia amalize kabla ya Desemba. Mnamo 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, likaua watu karibu 50. Lilikuwa limepangishwa. Watu walikuwa wanalipa kodi humo ndani.

Sasa nigeuke upande wetu, maana na sisi vijana tuna kesi ya kujibu. Ukiangalia kurasa za madizaina wa hapa, utaona majumba ya 3D yenye minazi, bwawa la kuogelea na gari la Ujerumani. Minazi, Nyamira? Chora mgomba basi. Chora majani chai. Onyesha maji ya mvua yanaenda wapi, mahali pa kuanika nguo, jikoni ya kuni ambayo nyanya yako ataitaka hata ukimwekea gesi ya aina gani. Pia acheni kujiita maakitekti kama hamjasajiliwa. Hilo jina linalindwa na sheria, Sura ya 525, na kuna bodi inayosajili. Kama wewe ni dizaina, sema ni dizaina, kisha fanya kazi na akitekti na injinia waliosajiliwa. Heshima yako haitapungua. Mteja wako atalala salama.

Na usiniambie kwamba kijana hawezi. Francis Kéré wa Burkina Faso alichora shule ya kijiji chake, Gando, akiwa bado mwanafunzi Berlin. Ilikamilika 2001, kwa matofali ya udongo na mikono ya wanakijiji. Mwaka wa 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker. Kazi yake nyingine iko hapa hapa Kenya, Turkana: chuo cha teknolojia cha Startup Lions, chenye minara mirefu ya kutoa hewa moto iliyotokana na umbo la vichuguu. Usikimbie kunakili hiyo minara uilete Kebirigo. Turkana ni joto na kavu, sisi ni mvua na ubaridi. Chukua swali lake tu: mahali hapa pana nini, na panasumbuliwa na nini?

Kwa hivyo kama mtu wa kwenu anajenga mwaka huu, muulizie vitu vitatu kabla ya msingi kuchimbwa. Maji ya paa yanaenda wapi? Kila chumba kinapata mwanga kutoka wapi? Nani amesaini mchoro, na kaunti imeupitisha? Akishindwa kujibu hata moja, mwambie asinunue taili bado. Hiyo pesa ya taili alipe mtu wa kufikiria naye, tena aanze na paa.