Kombe Tulifunike kwa Kitu Gani?

Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyeijua methali "Funika kombe mwanaharamu apite". Tumeifafanua darasani mara nyingi: staha, usiri, subira. Ni wachache waliowahi kuuliza kombe lenyewe lilifunikwa kwa kitu gani. Lilifunikwa kwa kawa, kile kifuniko kilichochongoka juu, kilichosukwa kwa ukindu au miyaa, ambacho wengi wetu twaweza kukieleza vyema katika mtihani bila ya kuwahi kukishika mkononi.

Swali hili si la msamiati tu. Katika mitaa kama Mjambere, kule Kisauni, plastiki imeitwaa nafasi ya kawa. Wali wa nazi uliobaki hufunikwa kwa ile plastiki nyembamba ya kuvingirisha, inayonata kwenye ukingo wa bakuli, na ambayo bado hatujaafikiana juu ya jina lake. (Si ajabu, hata mfuko wa plastiki wengi wetu tuliuita "karatasi".) Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu ya faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, wapo waliodhani kuwa suala la plastiki limekwisha. La hasha. Sheria ile ilikusudia kuzuia taka. Haikumwambia mpishi ni chakula gani kifungwe kwa nini.

Plastiki za jikoni si za aina moja. Zipo za polithini, na zipo za PVC, ambazo hutiwa kemikali za kuzilainisha ili zinyumbuke na kunata. Kemikali hizo huweza kuhamia katika chakula, hasa chenye mafuta, na joto huzidisha jambo hilo. Polithini hainati sana, lakini haihitaji vilainishi hivyo. Sasa na tuyatazame mapishi yetu ya pwani: samaki wa kupaka, kuku wa nazi, biriani ing'aayo samli, mahamri yaliyoepuliwa karaini sasa hivi. Vyote vina mafuta, na vyote hufunikwa vingali moto!

Kwa maoni yangu, anayenunua plastiki hiyo aisome boksi kwanza, achague ya polithini, na aitumie kwa vitu baridi tu: kipande cha tikiti maji, nusu ya kitunguu, unga uliokandwa.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaoisifu kawa kupita kiasi. Kawa huzuia nzi na vumbi, basi. Wali ukilala nje katika joto la Mombasa, bakteria aitwaye Bacillus cereus huweza kuzaana humo na kutoa sumu isiyoondoka hata wali ukipashwa moto tena. Mwenye friji auingize humo kabla ya saa mbili kupita. Asiye nayo, naye ni jirani wa wengi wetu, hatasaidiwa na kawa wala plastiki. Heri apike kadiri ya walaji.

Na aliye na friji wala hahitaji kununua kitu. Sahani iliyopinduliwa juu ya bakuli hufunika barabara, na kesho yake huoshwa ikaliwa.