Fomu ya ufadhili inampima nani?

Jamani, wiki hii nimekaa na kikundi kimoja cha haki za kijamii tukijaza ombi la ruzuku kwa wakfu wa ng'ambo. Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo niseme ninachokijua: fomu ile ni mbovu. Inakutoa nje baada ya dakika chache na ulichoandika kinapotea. Lugha ni Kiingereza tu, ilhali ibara ya 7 ya Katiba yetu ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia rasmi. Halafu wanadai hesabu zilizokaguliwa za miaka 3! Kikundi cha mtaani kitamlipa mkaguzi na nini kabla ya ruzuku?

Wanasema wanazuia wezi. Wapi! Mashirika ya mkobani ndiyo hodari wa kujaza fomu.

Mwaka 2017 kituo cha haki za kijamii cha Mathare kilitoa ripoti kuhusu mauaji yanayofanywa na polisi, na wakazi wenyewe walishiriki kukusanya ushahidi. Hebu niambie, msomaji, kazi ya aina hiyo utaibana vipi katika herufi 500?

Dawa si ngumu. Fomu ihifadhi rasimu. Ikubali jibu la sauti kwa Kiswahili, kwa simu. Maswali yote yaonekane kabla mtu hajajisajili. Ukaguzi uje baada ya kikundi kuchaguliwa, na wakfu ndio ulipe. Tena ukikataa ombi, andika sababu, hata mistari 2.