Usipa wangu unanuka, tuna yako je?

Najua nimepotea, wiki mbili za testi zimenifanya nisahau hata kuoga (natania jamani). Leo nimerudi na hasira kidogo, mnivumilie.

Ni hivi. Jumamosi nilipokea mzigo kutoka nyumbani, umekuja na basi la Songea. Kwa wasiojua, kwetu ni Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Unatoka Mbinga kwenye baridi na kahawa ya Wamatengo, unateremka kilomita 67 hadi Mbamba Bay, siku hizi ni lami tupu, koti unalivua njiani, halafu unaendelea na safari kwenda kwetu. Ndani ya mzigo kulikuwa na unga wa muhogo na mfuko mzima wa usipa mkavu. Nikaukaanga na nyanya na pilipili, nikasonga ugali, maisha yakawa matamu.

Mwenzangu wa chumba (jina nalihifadhi) akaingia, akaziba pua. Eti natia aibu korido nzima. Eti mtu wa chuo anakula tuna ya kopo, ndiyo chakula cha afya, mimi bado nakula mambo ya kijijini. Akafungua kopo lake pale pale, akamwaga mafuta kwenye sinki, akala na mkate.

Sasa tuongee kama wasomi. Hiyo "tuna" ni nani? Ni jodari! Jodari yule yule anayepita kwenye bahari yetu. Mnakumbuka "samaki wa Magufuli"? Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa ikivua kwenye ukanda wetu wa Bahari ya Hindi, imebeba karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari. Marehemu Magufuli alikuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Samaki wakagawiwa bure, kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Rufani, na mwaka 2014 washitakiwa wakaachiwa. Siku zile watu walimcheka jodari. Leo akirudi amevaa bati na maandishi ya Thailand tunamlipia bei ambayo ungekula wali maharage mara mbili, na tunamwita afya.

Simchukii jodari. Ni protini nzuri tu. Ila kama lazima ule kopo, basi soma kopo! Jodari ni samaki mwindaji, anakula wadogo waliokula wadogo zaidi, na zebaki ya baharini inajikusanya mwilini mwake. Akiwa mkubwa na wa miaka mingi, zebaki nayo inakuwa nyingi. Kwa hiyo kopo lililoandikwa skipjack, yule mdogo mwenye mistari tumboni, ni afadhali kuliko albacore. Vipimo vya mamlaka ya chakula ya Marekani vinaonyesha albacore wa kopo ana zebaki karibu mara tatu ya yule mdogo. Dada zangu mnaotarajia kuzaa, hapo muwe makini. Chukua wa kwenye maji badala ya mafuta, angalia na chumvi. Halafu angalia alivuliwaje. Maldives wanamvua kwa mti na mshipi, samaki mmoja mmoja. Meli kubwa zinatega vyelezo baharini, samaki wakijikusanya chini yake zinazungusha wavu mmoja, na humo wanaingia hata watoto wa jodari ambao hawajazaa bado. Mwaka 2015 tume ya jodari ya Bahari ya Hindi ilitangaza kwamba jodari wa mapezi ya njano amevuliwa kupita kiasi. Mwenzangu wa chumba hayo hakuyajua. Alijua picha ya kwenye kopo tu.

Usipa je? Samaki wa kidole, anakula vijidudu vya majini, anaishi kama mwaka mmoja, anazaa haraka. Hana muda wa kujaza zebaki. Unamla mzima na mifupa yake, kalsiamu yote unayo. Anaanikwa juani, hahitaji kiwanda wala bati. Nikamaliza hotuba yangu, korido nzima kimya. Nilijiona wakili!

Tatizo likaja jana. Nilimpigia mjomba kumshukuru, nikauliza kwa kujidai tu.

"Mjomba, usipa ule mlivua kule kina kirefu, kwa taa?"

Kimya. "Kwani umeharibika?"

"Hapana, mtamu sana."

"Basi kula, mjomba."

Nikamkazania. Akasema taabu zilikuwa nyingi, mtumbwi unavuja, wakakokota pale pale ufukweni. Kwa vyandarua. Vyandarua vya mbu, vimeshonwa pamoja.

Jamani nilikosa la kusema. Chandarua hakichagui. Kinabeba usipa, kinabeba watoto wa magege, kinabeba kila kitu kilichokuja kujificha ufukweni kikue. Ni kosa kisheria na yeye anajua. Mbasa tuliyekuwa tukimla utotoni, yule anayepanda mto Ruhuhu kwenda kutaga, siku hizi ukimpata unapiga simu kuwaambia ndugu. Sasa mimi namsema mtu na vyelezo vya meli za Wazungu, na mfuko wangu chini ya kitanda una dhambi ile ile.

Najua mtasema mjomba ni maskini. Ndiyo, maskini kweli, wavu halali una bei. Lakini ziwa likiisha atabaki maskini na hana usipa pia. Nilimwambia hivyo, kwa adabu. Akanijibu, "Nyie wasomi mnajua kusema, wavu mtaleta lini?"

Swali zuri. Nimeahidi kuchangia nusu ya wavu, nyingine atatafuta yeye, na usipa wa chandarua asinitumie tena. Mwenzangu wa chumba nimemwomba radhi nusu. Hiyo nusu nyingine naye ataniomba siku akisoma kopo.

Boom likitoka nitawajulisha. Mpaka sasa halijatoka.