Kabla Hujanunua Pampu Kubwa, Tazama Tangi Lako Kwanza

Umejipaka sabuni mwili mzima. Joto la Garissa limekukamua tangu asubuhi, na hii shawa ndiyo ulikuwa ukiingojea siku nzima. Unafungua, yanatoka matone. Unapiga kelele, "Hooyo, maji!" Naye anakujibu kutoka jikoni kwamba hata kwake mfereji unanung'unika tu. Na kisima mnacho, kiko hapo uani, hatua kumi kutoka mlangoni.

Kama hiyo ndiyo hali kwenu, najua ushauri utakaopewa: nunueni pampu kubwa. Sisi pia tuliambiwa hivyo. Tukauza mbuzi watatu, tukaleta pampu yenye nguvu kuliko ile ya kwanza, fundi akaifunga, akalipwa, akaenda zake. Jioni nikaingia bafuni kwa mbwembwe. Matone yaleyale.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo cheti cha uhandisi usiniulize. Lakini siku hiyo nilikaa uani nikalitazama tangi letu, nikajiuliza swali ambalo tungejiuliza kabla ya kuuza mbuzi: hii pampu inasukuma maji kwenda wapi?

Jibu ni tangini. Basi. Nyumba nyingi hapa mjini zenye kisima, pampu hupandisha maji hadi kwenye tangi lililo juu ya mnara, kisha maji hushuka yenyewe hadi ndani. Pampu ikishazimwa, kinachosukuma maji kwenye shawa ni kimo tu, yaani umbali wa kwenda juu kutoka shawa hadi usawa wa maji tangini. Mnara wako ukiwa wa mita tatu na shawa iko mita mbili kutoka chini, tangi likikaribia kuisha unasukumiwa maji na kimo cha mita moja tu. Hata ulete pampu ya kumwagilia mashamba kando ya Tana, presha bafuni haibadiliki. Tangi litajaa haraka, hilo tu.

Kwa hivyo kabla ya kutoa doo, pima. Huhitaji kifaa chochote cha ajabu. Chukua mtungi wa lita 20 na simu yako. Fungua mfereji ulio karibu kabisa na tangi, uone mtungi unajaa kwa muda gani. Kisha pima wa jikoni, halafu wa bafuni. Kama wa karibu na tangi unajaza kwa dakika moja na wa jikoni unachukua dakika nne, maji yanakwama njiani.

Mfereji mmoja tu ukiwa na shida, fungua kichwa chake. Ukikuta ukoko mweupe, hiyo ni chokaa ya maji magumu. Loweka kichwa kwenye siki usiku kucha, asubuhi ukisugue. Kama nyumba nzima inalia, kagua vali iliyo chini ya tangi. Unaweza kushangaa kuipata imefunguliwa nusu tangu siku ya ujenzi. Osha chujio kama lipo. Angalia pia unene wa paipu: kipenyo kikipungua nusu, nafasi ya maji kupita inabaki robo. Paipu ya nusu inchi ikilisha bafu, jikoni na choo kwa pamoja, lazima mmoja wenu atalalamika.

Usiku funga mifereji yote na uweke alama kwenye usawa wa maji tangini. Ukiamka kwa sala ya alfajiri, tazama tena. Yamepungua? Kuna mahali panavuja.

Na ikiwa tangi lenyewe ndilo linalochelewa kujaa, sasa ndio uanze kuiangalia pampu na kisima. Kama ni pampu ya sola, futa vumbi kwenye paneli; kwa vumbi letu hili, wiki chache tu zinatosha kuzifunika. Kama ni ya stima, uliza kama umeme unafika na nguvu yake kamili. Kama pampu iko juu ya ardhi na inavuta maji, jua kwamba maji yakishuka zaidi ya mita saba hivi, itahangaika bure.

Kisha funga jiwe kwenye kamba upime maji ya kisima kabla ya kupampu na nusu saa baadaye. Yakishuka sana na kuchelewa kurudi, kisima kinakwambia hakina zaidi. Hapo pampu kubwa ni hasara mara mbili: itamaliza maji haraka, halafu ikizunguka pakavu itaungua. Na maji ya chini ya ardhi hayajui ua wa nani umeishia wapi. Ukivuta kwa pupa, jirani anaweza kuamka kisima chake kikiwa tope. Sisi tuliopitia ukame wa 2020 hadi 2023, mvua ikikosa misimu mitano mfululizo, hatuna haja ya kufundishwa hilo.

Mambo mawili usicheze nayo. Zima umeme kabla ya kugusa pampu, na usishuke kisimani, hasa kama kuna jenereta ya petroli inayonguruma karibu. Moshi wake huua kimyakimya. Na ukitaka kuinua mnara, kumbuka lita 1,000 za maji ni tani nzima. Hiyo si kazi ya mbao za kuokota.

Sisemi usimwite fundi. Mwite, lakini akikuta umeshapima, hatakuuzia kubahatisha. Mwambie, "Mfereji wa tangini ni dakika moja, wa bafuni ni nne, shida iko hapa katikati." Sisi tulichohitaji kilikuwa paipu nene zaidi kutoka tangini na mnara ulioinuliwa. Ile pampu ya zamani ingetosha kabisa, na wale mbuzi watatu wangekuwa bado wanatusumbua hapa uani.