Mfalme kwa Sharti

Wakitajwa Waskoti waliopigania uhuru wao dhidi ya Uingereza, wengi hukumbuka ushindi wa Bannockburn mwaka 1314. Kwangu, funzo kubwa zaidi limo katika barua. Mwaka 1320 mabwana wa Uskoti walimwandikia Papa Yohane XXII, wakimwomba amsihi mfalme wa Uingereza awaache kwa amani. Walimsifu mfalme wao, Robert Bruce, lakini wakaongeza sharti: akikubali kuwatia chini ya Waingereza, watamfukuza na kujiwekea mwingine.

Bruce hakuwa malaika. Mwaka 1306 alimshambulia mpinzani wake, John Comyn, ndani ya kanisa la Wafransisko huko Dumfries, Comyn akauawa, naye Bruce akatengwa na Kanisa. Hata shujaa ni mwanadamu. Hastahili utii usio na mipaka.

Mtu atasema mabwana wale walilinda ardhi zao tu. Huenda. Ila ukweli haupungui kwa kusemwa na mwenye maslahi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sheria ipo kwa manufaa ya wote. Na uongozi vivyo hivyo. Tuwaheshimu viongozi, tuwaombee, lakini tusiwaabudu.