Hiyo "-y" Iliyomo Kwenye Desa Letu

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kayanga, laptopu mezani, simu dirishani ikirusha hotspoti. Nilitaka kuandika ripoti ya fildi kwa LaTeX, kama wakubwa. Nikafungua desa la darasa, nikakopi mstari mzima: sudo apt install -y texlive-full. Nikabonyeza Enter, nikaenda kula ndizi. Niliporudi bando limekata.

Na bando halikuwa langu. Mama alimnunulia mdogo wangu GB 1 ajaze fomu ya mkopo wa HESLB jioni ile. Texlive-full inashusha zaidi ya GB 2. Kompyuta ingeniambia! Kwa kawaida apt huorodhesha vifurushi vya ziada itakavyoongeza, husema itashusha MB ngapi na diski itajaa kiasi gani, ndipo huuliza kama iendelee. Ile "-y" ni mimi kujibu ndiyo kabla ya kusikia swali.

Mdogo wangu hakugomba. Aliuliza tu, "Kaka, sasa itakuwaje?" Ningependa angegomba. Kesho yake akajaza fomu kwenye duka la steshenari, kwa hela ya kukopa.

Sisemi "-y" haina kazi. Kwenye seva, au kwenye skripti inayojiendesha usiku, hakuna mtu wa kujibu. Bila hiyo kazi inasimama hapohapo. Iliandikwa kwa ajili ya huko. Sisi tumeihamishia kwenye laptopu ya mwaka wa kwanza anayetumia bando la wiki, na kila anayekopi desa anaipitisha kwa mwenzake bila kuuliza maana yake.

Ukituma hela kwa simu, jina la mpokeaji linatokea kwanza, ndipo unathibitisha. Nani hapa chuoni angekubali jina hilo liondolewe ili aokoe sekunde mbili?

Rafiki yangu mmoja wa IT ananibishia: hata ungeulizwa, ungebonyeza Enter tu. Ana hoja, nakiri. Mwaka 2021 Linus Sebastian, yule Mkanada wa YouTube, alikuwa anaweka Steam kwenye Pop!_OS. Mfumo ukamwonya, ukamtaka aandike sentensi nzima kwamba ufanye anavyosema. Akaiandika, na mazingira yake yote ya dezktopu yakafutika. Kwa hiyo swali halimwokoi asiyesoma. Lakini yeye alipewa nafasi ya kusoma. Mimi niliitupa, na namba ile ya GB ningeiona hata kwa jicho moja, nikachagua texlive-latex-base ambayo ni ndogo sana.

Wawakilishi wa madarasa, kabla desa halijagawiwa muhula ujao, ifuteni hiyo "-y" kwenye kila mstari. Ni herufi moja na kistari. Kwenye nakala yangu nimeshafuta. GB 1 ya mdogo wangu bado nadaiwa.