USIACHE MBACHAO KWA MSALA UPITAO

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Wasomaji wapendwa, methali hii nimeiandika katika insha zangu tangu darasa la sita bila kuifikiria, hadi chama chetu cha Kiswahili kilipokutana kuchagua mahali pa kwenda kwa safari ya siku tatu.

Mapendekezo yalikuwa mawili. Kundi la kwanza lilitaka tuupande Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari. Kundi la pili lilitaka Mombasa tukaione Fort Jesus. Mimi nikasimama nikataja la tatu: twende kwa miguu Hyrax Hill, Menengai na Kariandusi. Darasa zima liliangua kicheko. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "We, si hiyo ni kule kwa mawe tu! Sasa hiyo ni safari ama ni kurudi nyumbani?" Hata mwalimu alitabasamu. Basi nimeomba nafasi katika gazeti letu niwajibu, kwa sababu siku ile kengele ililia kabla sijamaliza.

Kwa kinyozi wangu hapa Free Area kuna kalenda yenye picha ya Machu Picchu, mji wa mawe wa Wainka katika milima ya Peru. Ulijengwa katika karne ya 15, nao uko mita 2,430 hivi juu ya usawa wa bahari. Watu hutoka pembe zote za dunia, wakatembea siku nne, kilomita 43 hivi, wapate kuufikia. Njia ile inapendwa hata serikali ya huko imeweka kikomo cha watu 500 kwa siku, wapagazi wakiwemo. Kila nikinyolewa huitazama picha ile nikatamani. Lakini siku moja nilijiuliza: je, kijana anayekaa chini ya mlima ule hutamani kuona nini? Pengine naye ana kalenda yenye picha ya ndege heroe wa Ziwa Nakuru!

Sasa sikilizeni. Ukingo wa Menengai, pale juu kabisa, una mita 2,278. Tofauti yake na Machu Picchu haifiki mita 200. Na karne ile ile Wainka walipokuwa wakipanga mawe yao, huku kwetu Bonde la Ufa kulikuwa na Wasirikwa, wafugaji waliochimba mabonde madogo ya mviringo kwenye miteremko wakalaza ng'ombe humo, na nyumba yao wakaijenga kando. Zamani wataalamu wengine walidhani ni watu waliolala mle mashimoni. Baadaye ilibainika kuwa ni maboma ya mifugo. Mashimo hayo yako Hyrax Hill, mwendo mfupi kutoka hapa ninapoandika.

Sikuyajua haya kwa kusoma tu. Mwaka jana kulikuwa na safari ya Mombasa iliyogharimu shilingi 7,000 kwa kila mwanafunzi. Mama yangu huuza mboga. Nilimwonyesha barua, akaisoma mara mbili, akaikunja akaiweka chini ya sufuria. "Mwanangu, ukienda huko, karo ya muhula ujao utaitoa wapi?" Sikumjibu. Asubuhi basi lilipoondoka tulibaki saba shuleni, tukiwa tumeketi kwenye ukuta kama kuku walionyeshewa. Ndipo mmoja wetu akasema, "Si twende hapo Hyrax Hill?" Nilikuwa nimekaa mtaa huu miaka kumi bila kuingia hata mara moja.

Kumbe! Mahali hapo alianza kupachimba Mary Leakey mwaka wa 1937, pakatangazwa kuwa urithi wa taifa mwaka wa 1943, na nyumba ya shamba iliyokuwa hapo ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 1965. Tulielezwa kuwa maelfu ya miaka iliyopita maji ya Ziwa Nakuru yalifika hadi chini ya kilima. Tulioneshwa makaburi ya watu wa kale ambamo wanawake walizikwa pamoja na sinia na vyombo vya mawe, ilhali wanaume hawakuwekewa kitu. (Wasichana watatu tuliokuwa nao walipiga makofi.) Tuliona bao lililochongwa kwenye mwamba, mashimo yake yangali yanafaa kuchezewa. Isitoshe, hapo palipatikana sarafu sita za Kihindi. Enyi wanachama wa Kiswahili, sarafu kutoka Bara Hindi haiwezi kufika Nakuru bila kupitia pwani. Tulikuwa tukililia basi la Mombasa, na kumbe alama ya pwani ilikuwa imetutangulia nyumbani!

Naam, mpango wangu ni huu. Siku ya kwanza tuanzie Hyrax Hill asubuhi, kisha tupande Menengai na mwelekezi anayeijua njia, kwa ruhusa ya watu wa misitu. Huko juu tutaliona shimo la volkano lenye upana wa kilomita 12 hivi kwa 8. Inasimuliwa kuwa katika karne ya 19 Wamaasai wa Ilpurko na wa Ilaikipiak walipigana hapo, na wengi wa Ilaikipiak wakatumbukia. Jioni turudi tulale kwetu, maana sisi ni wanafunzi wa kutwa, na kitanda cha nyumbani hakilipiwi. Siku ya pili tutembee kupitia Lanet na Mbaruk hadi Elmenteita, tuombe darasa katika shule yoyote ya huko tulale. Siku ya tatu twende Kariandusi, ambako mwaka wa 1928 yaligunduliwa mashoka ya mawe ya watu walioishi karibu miaka milioni moja iliyopita. Kisha turudi na matatu.

Najua mtasema kuna hatari. Ni kweli. Barabara kuu ina malori, kwa hiyo tupite njia za ndani pamoja na walimu. Menengai nako ukungu ukishuka mtu hupotea, kwa hiyo asitoke mtu kwenye msafara, na maji tubebe kutoka nyumbani. Lakini Mlima Kenya una baridi inayotaka makoti, hema na viongozi wa kulipwa. Atakayebaki ni nani? Ni wale wale saba.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloniwasha zaidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu wa Nakuru walifukuzana na kuuana mwanzoni mwa mwaka wa 2008. Sikuwa nimezaliwa. Lakini hata leo nasikia ndani ya matatu mtu akimwambia mwenzake, "Wewe rudi kwenu." Kwao ni wapi? Majina Nakuru, Menengai na Elmenteita yametoka kwa Wamaasai, na ni wangapi mtaani kwetu wanaojua Kimaasai? Wamaasai na Wakalenjin nao husimulia kuwa waliwakuta Wasirikwa. Na kabla ya Wasirikwa walikuwako wale waliozikwa na sinia zao, ambao hata jina lao hatulijui. Nilisimama juu ya kaburi lile nikaona kuwa sote tulikuja tu, wengine mapema, wengine jana. Ningependa kila mwanafunzi wa shule hii asimame pale walau mara moja kabla hajapata kura.

Sisemi Mombasa ni mbaya, wala sisemi Mlima Kenya usipandwe. Siku moja nami nitaupanda, na nikijaliwa nitafika hata kwa Wainka. Ila nikiulizwa huko natoka wapi, nataka niwe na la kusimulia.

Mkutano wa kupiga kura utakuwa muhula ujao. Wanachama wenzangu, mnaweza kunicheka tena, sitajali. Naomba tu kabla ya kuinua mkono, mhesabu kwanza ni wangapi watakaobaki ukutani. Kwa hayo machache naweka kalamu chini.